Watoto thelathini, besheni moja

AFYA YA MTOTO: MNAULIZA, MUUGUZI ANAJIBU

Jambo wasomaji. Tangu masomo yaanze, barua nyingi zinazonifikia zinatoka kwenye shule za maternelle, yaani chekechea, za hapa Goma, au kwa wazazi wenye watoto huko. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa wengi mmeuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Wazazi wanasema shule yangu ina magonjwa

*Mama Muuguzi, ninaongoza maternelle ndogo huku Ndosho, madarasa matatu, kila moja na watoto kama thelathini. Hatujamaliza hata wiki moja bila makamasi, kikohozi na kuhara. Wiki iliyopita nusu ya darasa la kwanza hawakuja. Wazazi wanasema shule yangu ina magonjwa. Robine ya avenue haitoi maji kila siku, kwa hiyo tunanunua bidoni. Nimeweka gel kwenye mlango na nimebandika karatasi ya "Nawa mikono". Nifanye nini zaidi na mfuko wangu huu mdogo?*
— Direktrisi, Ndosho

Mama Direktrisi, pole kwa kazi. Kwanza nikuondolee mzigo mmoja: mtoto wa miaka 3 anayeanza shule ataugua. Mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida kwa umri huo, na mwaka wa kwanza wa kukaa na wenzake yanaweza kuzidi hapo, maana mwili wake ndio kwanza unakutana na vijidudu hivyo. Mwambie mzazi maneno haya siku anapoandikisha mtoto. Ukingoja aje na hasira, atadhani unajitetea.

Kuhara ni habari nyingine. Mafua huwezi kuyafungia mlango, lakini kuhara unaweza kukupunguza sana. Tafiti zilizofanywa katika shule na vituo vya kulelea watoto wadogo zimeonyesha kwamba watoto wakinawishwa mikono vizuri kwa sabuni, kuhara kunapungua kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo franga zako chache zianzie hapo.

Hukuniandikia watoto wananawia wapi saa nne, kabla ya gute, chakula chao kidogo cha asubuhi. Nimepita katika maternelle nyingi za Ndosho, Katoyi na Mabanga, na mara kwa mara ninakuta kitu kilekile: besheni ya plastiki juu ya kiti. Maji yamewekwa asubuhi. Mtoto wa kwanza anatia mikono, anasugua, anatoa. Anakuja wa pili. Akifika wa kumi, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, kipande cha sabuni kimelala chini kinayeyuka, na taulo moja ndogo inazunguka mikono yote. Aliyetoka chooni na mavi kwenye kucha ameyaosha humo, na anayemfuata anayachota. Wa mwisho anatoka na mikono michafu kuliko aliyokuja nayo, kisha anapewa mkate. Besheni hiyo, kama unayo, iondoe kesho asubuhi kabla hujanunua kitu chochote.

Maji ya kunawia lazima yatiririke, na yakishapita mkononi yasirudi. Angalia kwanza stoo yako. Ebola ilipofika Goma, Julai 2019, karibu kila mlango wa mji huu uliwekewa ndoo yenye robine, na mwaka uliofuata Covid ikaziongeza. Leo ninazikuta nyingi zimewekewa unga na maharagwe. Irudishe ndoo kazini. Kama huna, chukua kibidoni cha lita 5, kitoboe karibu na mdomo kwa msumari uliopashwa moto, kitundike kwenye mti uliolazwa juu ya vigingi viwili, halafu funga kamba kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, kibidoni kinainama, maji yanatoka, naye hajagusa kitu kwa mkono. Watoto wa miaka 4 wanakipenda kifaa hicho mpaka inabidi kuwaondoa.

Sasa hesabu ya maji. Robine ikifunguliwa kidogo, nusu lita inamtosha mtoto mmoja. Bidoni ya lita 20 ni watoto arobaini. Kwa hiyo kila darasa linahitaji bidoni moja kabla ya gute na nyingine ya kuwanawisha wanaotoka chooni. Najua bidoni inavyopanda bei siku ambazo robine zimekauka, na ndiyo maana ninakuomba ushike nyakati mbili tu: kabla ya kula, na baada ya choo. Kuna karatasi nzuri za ukutani zinazotaja nyakati nane. Walimu wakiagizwa nyakati nane, kufika Jumatano wamechoka na hata zile mbili zinaachwa. Msimu wa mvua, tega maji kwenye mabati. Yanafaa kabisa kunawia na sabuni, ingawa hayanywewi bila kutiwa dawa.

Sabuni ya kipande ikate vipande vidogo, kitie kimoja kwenye wavu au soksi safi, kifunge karibu na robine. Hakitaanguka chini wala hakitapotea. Watoto wahesabu pamoja kwa sauti hadi ishirini wakiwa wanasugua, na vidole gumba visisahauliwe. Kisha wakung'ute mikono ikaukie hewani. Lile taulo moja liende nyumbani likafuliwe, lisirudi. Na gel uliyonunua usiitupe. Inasaidia pale ambapo hakuna maji, mradi iwe na pombe isiyopungua asilimia 60 na mikono isiwe na uchafu unaoonekana. Lakini mkono wenye udongo au mavi gel haiusafishi, na baadhi ya virusi vya kutapika na kuhara haiviui vizuri. Halafu watoto wadogo wanailamba. Itoe mlangoni, akae nayo mwalimu.

Mama, sasa nifike kwenye jambo lililoniuma nilipoanza kufuatilia shule hizi. Tunapozungumza juu ya mikono tunawatazama watoto tu. Keti asubuhi moja nyuma ya darasa la kwanza, utazame mikono ya mwalimu. Anapangusa pua ya mtoto kwa kitambaa, anakirudisha mfukoni. Dakika tano baadaye ni pua ya mwingine, kitambaa kilekile. Anampeleka mmoja chooni, anamsafisha, anarudi kumfunga mwingine kamba za viatu. Saa nne anakata mkate. Mtoto mmoja anagusana na wenzake wachache anaokaa nao, lakini mwalimu anawagusa wote thelathini kabla ya saa sita. Simlaumu. Nimewaona walimu hawa wakibeba watoto wawili wanaolia kwa wakati mmoja. Ila kila pua anayoipangusa, ndoo ya maji iko ng'ambo ya ua, na hawezi kuwaacha watoto ishirini na tisa aende kunawa.

Kwa hiyo weka ndoo ya pili ndani ya darasa, karibu na mlango, ya mwalimu peke yake. Ondoa kitambaa cha mfukoni. Nunua papie ya chooni, ikatwe vipande asubuhi, kila pua na kipande chake, kiingie kwenye ndoo yenye kifuniko. Mzazi akiweza, mtoto aje na kitambaa chake mwenyewe kimefungwa kwa pini kwenye nguo, kirudi nyumbani kila siku kufuliwa. Na panga kazi upya: anayepeleka watoto chooni asiwe ndiye anayegawa chakula siku hiyo. Badilisheni zamu kila wiki ili asiwepo wa kuonewa. Ningekuwa na ruhusa ya kubadilisha jambo moja tu katika kila maternelle ya mji huu, ningechagua hilo la zamu.

Choo chenyewe ni shida ya ardhi yetu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, shimo halichimbiki kwenda chini, na likichimbwa linajaa upesi. Wazee wa hapa wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma na pembezoni mwake: watu walichota maji ya ziwa, vyoo havikuchimbika, na kolera pamoja na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu kwa muda mfupi. Kolera haijaondoka tangu hapo, inalala na kuamka. Watoto wa darasa la kwanza wanaotumia po, kila po imwagwe chooni mara moja, ioshwe kwa sabuni, kisha isuuzwe kwa maji ya klorini. Aliyeiosha anawe.

Klorini ina vipimo vyake, na hapo ninaona watu wakibahatisha. Soma chupa ya javeli. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe tisa vya maji ndiyo dawa kali ya mahali penye matapishi, mavi au damu. Funika uchafu kwa kitambaa, mwagia, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, ondoa ukiwa na glavu, halafu osha. Watoto wawe wametolewa nje wakati huo. Kwa meza, vitasa na michezo ya plastiki unahitaji nyepesi zaidi: glasi moja ya mililita 200 katika bidoni ya lita 20. Tangulia kuosha kwa sabuni, maana klorini juu ya uchafu haifanyi kazi, na michezo isuuzwe tena kwa maji safi kwa sababu itaingia mdomoni. Tengeneza ya siku hiyo tu. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, inatoa hewa inayochoma mapafu. Chupa isiyoonyesha asilimia yake, usiinunue.

Madirisha: yafungue. Najua Goma iko juu, asubuhi ni baridi, na vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye daftari. Lakini mafua na kikohozi vinaletwa na virusi kutoka mdomoni na puani mwa mtu, na chumba kilichofungwa kinavihifadhi. Surua ndiyo mbaya zaidi: virusi vyake vinabaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Watoto wavae sweta, dirisha libaki wazi, ua unyunyiziwe maji kidogo kupunguza vumbi. Wakilala mchana, kila mtoto na mkeka wake, kichwa cha mmoja kielekee miguuni kwa mwenzake.

Mwishowe nunua daftari moja. Andika kila siku nani hakuja na kwa sababu gani. Ukiona watoto wawili au watatu wa darasa moja wanahara wiki moja, mpigie muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha eneo lako. Ukisikia mtoto mmoja anahara maji meupe kama maji ya mchele, usingoje wa pili. Piga saa hiyohiyo. Kuhusu kadi za chanjo, ziangalie wakati wa kuandikisha. Mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo wa umri wa hao unaowalea. Asiye na chanjo ya surua, mwelekeze mama yake kwenye kituo, usimfukuze.

Nikibaki na mtoto nyumbani, hatuli

*Mama, ninauza vitenge Birere. Mtoto wangu wa miaka 4 alirudishwa nyumbani saa mbili asubuhi kwa sababu ya makamasi tu. Siku nzima sikuuza. Safari nyingine alikuwa na homa usiku, nikampa siro ya paracetamol alfajiri, nikampeleka shule bila kusema kitu. Nikibaki naye nyumbani, hatuli. Je, nilifanya vibaya sana?*
— Mama wa Majengo

Mama, nimesoma barua yako mara mbili, na sitakugombeza. Mara ya kwanza haki ilikuwa yako. Makamasi peke yake, hata yakiwa ya kijani, hayamrudishi mtoto nyumbani ikiwa anacheza, anakula na hana homa. Shule ikirudisha kila mwenye makamasi itabaki na walimu peke yao, na wazazi watajifunza kuficha.

Mara ya pili ndiyo inayonitia hofu, na kwanza kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Paracetamol inashusha homa kwa saa nne hadi sita, haiondoi kilicholeta homa. Ukimpa saa kumi na mbili asubuhi, anaingia darasani akicheka, na kufika saa nne au saa tano homa imerudi juu, wewe uko Birere na mwalimu hajui kitu. Ikiwa ni malaria kali, saa hizo ni nyingi. Ukiwa huna budi kumpeleka, mwambie mwalimu nilimpa dawa saa fulani, na telefone yako iwe imewashwa. Na usimpe aspirini mtoto, hasa akiwa na mafua au tetekuwanga. Inaweza kuharibu ini na ubongo.

Abaki nyumbani mtoto mwenye homa, yaani kipimo cha kwapani kikifika 37.5 na zaidi, mpaka apitishe siku nzima bila homa na bila dawa. Mwenye kuhara au kutapika abaki mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho, na wakati huo apewe maji ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, paketi moja kwa lita moja ya maji safi, pamoja na zinki atakayoandikiwa kituoni. Mwenye apolo, macho yanayotoa usaha, abaki mpaka yatibiwe na usaha ukauke. Mwenye surua, siku nne baada ya vipele kutokea. Mwenye upele unaowasha usiku anarudi akishapakwa dawa, na nyumba nzima ipakwe pamoja naye.

Nao wafuatao wasirudishwe na shule yoyote: mwenye malaria aliyeanza dawa na amepata nguvu, kwa sababu malaria haipiti kutoka mtoto hadi mtoto, inahitaji mbu, mwenye minyoo, mwenye mapunye kichwani aliyeanza matibabu, mtoto wa SS (selimundu), ambaye maumivu yake hayaambukizi mtu, na mtoto mwenye VVU. Huyu wa mwisho hata siri yake si ya kutangazwa. Ila kikohozi kilichopita wiki mbili kipelekwe kupimwa kifua kikuu.

Kuna dalili ambazo haziulizi duka wala shule: mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea hazinduki vizuri, au anapumua mbio huku mbavu zikiingia ndani. Hapo ni motari wa pikipiki na kituo cha afya, mara moja.

Upande wa riziki, hili nimeona likifanya kazi kwa wamama wa soko: wale mnaocheza likelemba (upatu) pamoja mmeshaaminiana kwa pesa, basi aminianeni pia kwa meza. Wekeni makubaliano kwamba mmoja akibaki na mtoto mgonjwa, jirani anamuuzia vitenge vyake, na siku nyingine inakuwa zamu ya huyo. Yapangeni sasa wakati watoto wote ni wazima. Usiku wa homa si wakati wa kutafuta mtu.

Vipele: ni mpox au tetekuwanga?

*Mama Muuguzi, mtoto wangu alitoka vipele, mwalimu akamtenga kwenye kona mbele ya wenzake na kusema ana mpox, ile ndui ya nyani. Baadaye kituoni walisema ni tetekuwanga. Sasa watoto wanamkimbia. Shule ilikuwa na haki? Na sisi wazazi tutatofautishaje?*
— Baba wa Himbi

Baba, pole kwa mwanao. Uoga wa mwalimu ninauelewa. Aina mpya ya mpox ilitambuliwa huko Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ikapanda mpaka kwetu, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya kimataifa. Watoto wadogo ni miongoni mwa walioumia zaidi. Kumwondoa mtoto mwenye vipele na homa kati ya wenzake mpaka apimwe ni sahihi. Kumsimamisha kwenye kona na kumtaja ugonjwa wake kwa sauti si sahihi, na hakukinga mtu yeyote.

Jinsi ya kufanya: mwalimu anamchukua mtoto kwa upole, anakwenda kukaa naye ofisini au barazani penye hewa, na mtu mmoja anayejulikana anapiga simu kwa mzazi. Mkeka na kikombe alivyotumia vinawekwa pembeni vioshwe. Wazazi wengine wanaambiwa baadaye, bila jina, kwamba kuna mtoto ametoka vipele na wawaangalie watoto wao nyumbani.

Kutofautisha kwa macho ni kugumu hata kwetu. Mara nyingi tetekuwanga inaanza tumboni na mgongoni, inawasha sana, na vipele vinakuja kwa mafungu: vingine ni vyekundu, vingine vina maji, vingine vimeshakauka, vyote mahali pamoja. Mpox hupenda uso, viganja na nyayo, vipele vya sehemu moja vinakua kwa pamoja, na mitoki ya shingoni au kinenani inavimba. Lakini nimeona kesi zisizofuata mpango huo, kwa hiyo usikate shauri mwenyewe, mpeleke kituoni. Mwenye tetekuwanga anarudi shule vipele vyote vikishakauka, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Mwenye mpox anangoja magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee, na hiyo ni wiki mbili hadi nne.

Kuhusu wenzake wanaomkimbia: mwombe mwalimu, siku mwanao atakaporudi, amshike mkono mwenyewe waingie darasani pamoja, amketishe mahali pake pa zamani. Watoto wa umri huo wanamfuata mwalimu kwa macho. Na wewe omba hilo kwa heshima, lakini usikubali kukataliwa.

Javeli kwenye maji ya kunywa

*Mjukuu wangu anaenda shule na gurudi ya maji. Ninayachota ziwani, ninatia kijiko cha javeli. Yanatosha?*
— Bibi wa Keshero

Bibi, shikamoo. Kijiko kiache. Nguvu ya javeli inatofautiana chupa kwa chupa, nyingine zimetiwa manukato, na kijiko kizima katika chombo kidogo ni kingi mno kwa mtoto. Ukiwakuta vijana wa klorini pale kando ya ziwa na bomba zao za sindano, waache wakutilie kwenye bidoni: wao wanapima. Wasipokuwepo, nunua vidonge vya klorini na umwombe mtu akusomee kidonge kimoja ni cha lita ngapi. Maji yakiwa na takataka uyachuje kwanza kwa kitambaa safi. Ukishatia dawa, ngoja dakika thelathini kabla ya kunywa. Kuyachemsha mpaka yatokote nako kunatosha, siku makala ya kupikia yakiwepo. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, ummiminie, usichovye kikombe. Na gurudi iandikwe jina lake kubwa, asiichangie na rafiki hata akimpenda vipi.

Mwalimu akiumwa

*Ninafundisha maternelle. Nilipohara siku mbili nilikwenda kazini kwa sababu nikikosa wananikata mshahara. Ni mimi pia ninayegawa uji. Nifanyeje safari nyingine?*
— Mwalimu, Virunga

Muuguzi mwenzangu, maana nawe unatibu zaidi ya unavyojua: saa 48 baada ya kuhara kuisha usiguse chakula cha watoto, hata ukijisikia mzima. Ikiwa kweli huwezi kukosa kazi na nguvu zimerudi, mwombe mwenzako achukue uji na wewe uchukue hadithi, na uwe na ndoo yako ya kunawia.

Maneno yaliyobaki ni ya mkuu wako, naye akisoma hapa ninamwomba ayachukue kwa uzito. Siku mbili za mshahara wa mwalimu mmoja ni pesa kidogo. Darasa likihara, utanunua javeli na papie, utapoteza karo za wazazi watakaohamisha watoto, na kuna mtoto atakayelala kituoni na serumu mkononi. Andika katika kanuni za shule kwamba mwalimu au mpishi mwenye kuhara, kutapika au homa anakaa nyumbani na analipwa, alete karatasi ya kituo zikizidi siku tatu. Tafuta mama mmoja wa mtaa, mfundishe kunawisha na kugawa chakula, umwite kama kibarua siku hizo.

Barua za mwezi ujao ziniletee maswali ya minyoo na ya meno, tayari nimepokea mengi.